Fanesi ya Marekani au AC ya kupasha? Maswali yenu ya baridi ya Julai

Mwezi huu barua karibu zote ni baridi tu. Mimi mwenyewe naandika hapa nimevaa koti ndani ya nyumba, mlima umejifunika toka juzi, manyunyu hayaishi, na chai nikiiacha dakika tano imeshakuwa maji. Kwa iyo wa mafriji na mashine za kufulia mtanisamehe, zamu yenu mwezi ujao.

SWALI: Habari za kazi kaka fundi. Mi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Ilboru kule juu, nyumba tulipaua mwaka jana tukahamia hivohivo kabla ya silingi maana hela iliisha, si unajua ujenzi. Sasa tumemchukua mama yangu kutoka kijijini akae na sisi, ana miaka 78, kipindi hiki miguu inamuuma sana, usiku analala na sweta mbili na mablanketi matatu na bado anasema upepo unaingia mpaka kwenye mifupa. Kaka yangu yuko Minneapolis huko Marekani, yeye ndo katusaidia sana kujenga, anasema atatununulia fanesi kama ya kwake, iko chini ya nyumba inachoma gesi na nyumba nzima inakuwa na joto hata nje kukiwa na theluji, ataiweka kwenye kontena ije pamoja na magari ya watu. Fundi wa AC hapa mjini kasema achana nayo hiyo, weka hiti pampu. Kaka kusikia hivyo akawaka, anasema hiti pampu ni za watu wa sehemu za joto, jirani yake aliweka Januari ikamshinda wakalala na makoti. Sasa niko katikati hapa, mwenye hela ni kaka na mwenye baridi ni mama. Nifanyeje?
*Mama wa watatu, Ilboru*

JIBU: Nzuri dada, na huyo mama umfikishie shikamoo yangu. Hapo kwa mwenye hela na mwenye baridi nimecheka peke yangu mpaka nikaulizwa kuna nini.

Nianze kwa kumtetea kaka, maana sio muongo. Minneapolis usiku wa Januari wastani wake ni kama nyuzi 13 chini ya sifuri, na kuna usiku inapita 25 chini ya sifuri kabisa. Kule fanesi, yaani tanuru la nyumba, ni kitu cha kawaida kama sisi tulivyo na jiko. Linachoma gesi inayokuja kwa bomba mpaka nyumbani, feni inasukuma hewa ya moto kwenye mifereji ya bati inayopita ukutani na sakafuni, kila chumba kina tundu lake. Yale mapya mazuri yanatoa joto asilimia 95 ya gesi iliyochomwa, ya zamani kama 80 hivi, inayobaki inatokea kwenye dohani. Baridi ya nje ikizidi tanuru halijali, linachoma tu. Kwa mtu wa Minneapolis hilo ni jambo kubwa sana na nisingembishia.

Ila fanesi ikishuka kwenye kontena hapo Ilboru utailisha nini? Gesi yetu ya bomba inatoka Songo Songo na Mtwara inaishia Dar es Salaam, Arusha hakuna bomba. Utabaki na mitungi. Mtungi wa kilo 15 una nishati kama uniti 190 za umeme, tanuru zuri likikupa asilimia 90 unapata uniti 170 na kitu za joto. Ukitaka joto hilohilo kwa pampu ya joto, yaani hiyo hiti pampu, utatumia kama uniti 49 za LUKU (kwa nini kidogo hivyo nitaeleza mbele), ambazo kwa bei ya T1, ile ya matumizi ya kawaida, pamoja na VAT na tozo, shilingi 356 hivi kwa uniti, ni kama elfu 17 na mia nne. Kwa hiyo swali la kumuuliza kaka ni moja tu, ni wapi Arusha mtungi wa kilo 15 unajazwa kwa elfu 17? Akijua duka aniambie na mimi nipeleke wangu.

Na sio gesi peke yake. Feni na kontroli za fanesi ya kule zinatumia umeme wa volti 120, wa kwetu ni 230, na hata mzunguko wake hertz 60 wakati wetu ni 50, uta­hitaji transfoma na bado mota haitakuwa na amani. (Watu wengi wanadhani fanesi haihitaji umeme kwa kuwa ni ya gesi, umeme ukikatika feni inasimama na tanuru linajizima.) Kichomeo chake kimetengenezwa kwa gesi ya bomba, lazima kibadilishwe kiwe cha gesi ya mtungi. Halafu tuko mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na wewe Ilboru umepanda zaidi ya mjini, hewa ni nyepesi, kichomeo kinatakiwa kupunguzwa ili gesi iungue vizuri, na kikikosewa hapo kinatoa sumu ambayo nitaieleza kwenye barua inayofuata. Sasa nani Arusha atakurekebishia, na spea ukiagiza inakuja lini? Na mifereji ya bati utaipitisha wapi wakati hata silingi huna? Dada, hiyo mashine ikifika itakuwa kabati la kuwekea viatu.

Tuje kwenye hiyo hiti pampu. Jina linatisha ila ni AC tu, ile ya ukutani na mwenzake wa nje, tofauti ni kwamba ndani yake kuna valvu inayogeuza njia ya gesi ya AC (sio ya kupikia). Ikigeuka huku inatoa joto ndani inalipeleka nje, ikigeuka kule inalitoa nje inalileta ndani. Hita ya koili inatengeneza joto kwa umeme, uniti moja inakupa uniti moja ya joto basi, na hapo hita ya umeme yenye mafuta ndani wala ile ya feni hazina tofauti, muuzaji asikudanganye kwamba ya mafuta inakula kidogo. Pampu ya joto yenyewe haitengenezi, inahamisha. Ni kama siku ya soko Tengeru unavyomlipa kijana wa mkokoteni akufikishie ndizi zako stendi, unalipa kusukuma, mikungu kwenye mkokoteni ina thamani mara tatu au nne ya ulichompa. Kwa hali ya hewa kama ya kwetu uniti moja ya umeme inakuletea joto la uniti tatu mpaka nne.

Najua utauliza, joto gani liko nje Julai hii saa kumi usiku? Hata mimi chuoni niliuliza. Ile gesi ya ndani ya AC, R32 kwa mfano, ikiachwa wazi inachemka kwenye nyuzi kama 52 chini ya sifuri. Yaani kwa yenyewe hewa ya Ilboru ya nyuzi 11 au 12 ni jiko limewashwa, inapita pale inachemka, inabeba lile joto, kompresa inaikandamiza inazidi kuwa ya moto, inakuja kulimwaga chumbani kwa mama. Ndo maana ile mashine ya nje ukiisogelea inapuliza hewa ya baridi na inadondosha maji, mtu akikwambia imeharibika mwambie ndo inafanya kazi.

Na hapohapo ndo ilipo shida ya jirani wa kaka. Nje kukizidi baridi, joto la kuokota linakuwa adimu, kompresa inahangaika zaidi, na wakati huohuo nyumba ndo inataka joto jingi kuliko siku zote. Pia barafu inaganda kwenye koili ya nje, mashine inalazimika kusimama kidogo ijiyeyushe. Za zamani zilikuwa zinachoka mapema sana, wakikuwekea saizi ndogo ndo kabisa. Siku hizi zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya baridi kali, zinafanya kazi mpaka nyuzi 25 chini ya sifuri, Norway huko nyumba nyingi ndo wanatumia, na Marekani kwenyewe mwaka 2022 ziliuzwa pampu za joto nyingi kuliko fanesi za gesi. Sehemu kama ya kaka wengi wanaweka zote mbili, pampu inafanya kazi miezi ya baridi ya kawaida, ikishuka sana fanesi inapokea. Kwa hiyo kaka kwake yuko sawa, ila baridi ya Arusha kwa hii mashine ni mteremko.

Sasa dada nisikilize hapa, maana hapa ndo hela inapopotea. USINUNUE CHOCHOTE kabla ya silingi. Umesema bati liko wazi, joto linapanda juu linakutana na bati la baridi linaisha palepale, hata nikikuletea fanesi tatu utakuwa unapasha joto mawingu ya Meru. Kama hela ni ndogo anza na chumba cha mama peke yake, piga silingi bodi au jipsam, juu yake ukiweza tandaza zile nyuzi za kuzuia joto zinazouzwa kwa roli. Chini ya mlango weka mpira au hata kitambaa kizito kilichokunjwa, pazia liwe zito na lifike chini, dirisha la aluminiamu lile linalopitisha upepo pembeni lizibwe na silikoni. Yale matundu ya hewa juu ya dirisha punguza, usizibe yote, chumba kinahitaji kupumua, na kama kuna kitu chochote kinachowaka moto humo ndani usizibe hata moja. Nimeshafika kwenye nyumba ya mtu Njiro analalamika AC yake haipashi, nasimama chumbani pazia linapepea na dirisha limefungwa!

Ukishamaliza hayo, AC moja ya inverta (inayojipunguza kasi yenyewe) ya BTU 9,000, ile saizi ndogo, chumbani kwa mama inatosha na inabaki. Tupige hesabu ya kukadiria. Chumba kilichozibwa kinaweza kutaka joto la kilowati moja hivi, uwashe masaa sita kwa siku, jioni mpaka anapolala halafu alfajiri kabla hajaamka, hiyo ni uniti sita za joto. Kwa hita ya koili ni uniti sita za LUKU, shilingi 2,136 kwa siku. Kwa pampu ni uniti moja nukta saba, kama shilingi 610. Juni na Julai zote mbili, hita elfu 130, pampu elfu 37. Ila angalia tarifu yako, kama uko ile ya chini ya uniti 75 kwa mwezi ukizipita zinazofuata bei yake iko juu kuliko hata T1.

Kwenye kununua kuna mtego. AC nyingi zinazoletwa huku ni za kupoza tu, kwa sababu wanajua Dar ndo soko. Usiamini rimoti, kuna rimoti zina alama ya jua na mashine yenyewe haina hiyo kazi. Soma stika ya mashine ya nje, lazima iwe na kiwango cha kupasha kimeandikwa kando ya cha kupoza, kama kipo kimoja tu rudisha dukani. Mwambie muuzaji aiwashe upande wa joto mbele yako. Fundi anayefunga avute hewa kwenye mabomba kwa pampu ya vakyumu, akitaka kuisukuma kwa kufungulia gesi kidogo tu mkataze. Weka na gadi, maana umeme wa huko juu unavyopanda na kushuka tunaujua. Umeme ukikatika haifanyi kazi, mablanketi ya mama usiyagawe.

Kwa kaka, usimwambie fundi wa gazeti kasema amekosea. Mwambie nauli ya hiyo fanesi kwenye kontena ainunulie silingi, na AC ichaguliwe na yeye mwenyewe akupe jina. Kaka zetu wa nje wanapenda kuchagua.

SWALI: Oya fundi, mi chalii wa Sakina nimepanga chumba kimoja. Usiku baridi ni noma, naingizaga jiko la mkaa likishakolea halina moshi kabisa, nafunga mlango nalala fresh. Maza kapiga simu anasema nitakufa, namwambia moshi ndo unaua na huu hauna moshi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mama yako. Leo hii hilo jiko litoke nje kabla hujamaliza kusoma.

Mkaa ukikolea moshi unaisha, na hapo ndo unapokudanganya, kwa sababu inayoua haionekani wala hainuki. Inaitwa kaboni monoksaidi. Inaingia kwenye damu inang'ang'ania mahali pa oksijeni, tena inang'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, kwa hiyo unapumua vizuri kabisa na mwili unakosa hewa. Kichwa kinauma, unalegea, unasikia kichefuchefu, unadhani ni usingizi. Mtu aliyeshalala hasikii hata hayo.

Mi yalinikuta msibani Ngaramtoni miaka hiyo, tulilala vijana sita kwenye chumba cha uani, tukaingiza jiko, tukaziba mlango na gunia. Mwenzetu mmoja alitoka usiku kwenda kujisaidia akaanguka mlangoni, ule mlango kubaki wazi ndo ukatuokoa, asubuhi vichwa vinapasuka kila mtu anatapika na wazee wanasema tulikunywa. Hatukuwa tumekunywa. Toka siku hiyo sitaki hata kusikia habari ya kuacha dirisha wazi kidogo, hicho kidogo ni kiasi gani hakuna anayejua. Ukimkuta mtu kwenye hali hiyo mtoe nje kwenye hewa kwanza halafu hospitali haraka, usimpe maziwa usikae kumuuliza maswali.

Chumba cha kupanga hutaweka AC, naelewa. Nenda duka la dawa nunua ule mpira wa maji ya moto. Chemsha lita mbili kwenye birika la umeme, yaache yapoe kidogo, mimina, funga vizuri, uviringishe na taulo uuweke miguuni ndani ya blanketi nusu saa kabla hujalala. Hiyo ni kama shilingi 70 za umeme. Usitumie chupa ya soda, inajikunja na kukumwagikia. Na maza mpigie umwambie jiko limetoka.

SWALI: Fundi, nina gesti ya vyumba kumi Marangu, wageni wa mlimani wakishuka wanataka maji ya moto kuliko hata chakula. Nina pipa la kuni nje, sola ipo ila Julai mawingu tupu, na geiza za umeme zimenitia hasara. Nasikia hiyo pampu ya joto inachemsha na maji, ni kweli?

JIBU: Ni kweli mkuu, na kwako ina faida kuliko hata kwa yule dada, kwa sababu wewe maji ya moto unayataka mwaka mzima. Ni mashine ileile, badala ya kupuliza joto chumbani inalimwaga kwenye tanki. Chukua lita 600 kwa siku, kutoka nyuzi 18 mpaka 55. Joto linalotakiwa ni uniti 26 hivi. Geiza zitakula hizo 26 zote, elfu tisa na mia mbili na zaidi kwa siku, pampu itakula kama tisa, elfu tatu na mia mbili. Sola usiitoe, iunganishe iwe ya kwanza kupasha, siku ya jua pampu haitawaka.

Vitu viwili. Inachemsha polepole, sio kama geiza, kwa hiyo tanki liwe kubwa na ianze kazi mchana kabla wageni hawajashuka. Na inatoa hewa ya baridi, ukiiweka chumba cha mgeni atakukimbia, iweke karibu na jiko la gesti, inaokota joto la masufuria na wapishi wanapata kiyoyozi cha bure. Pipa la kuni liache palepale, siku umeme ukikatika wageni ishirini wana matope mpaka magotini utanishukuru.

SWALI: Niko Moshi mjini, Soweto. AC yangu ni ya kupoza tu, nilinunua kwa ajili ya joto la Februari. Fundi anasema kwa laki tatu anaigeuza iwe ya kupasha. Nimpe?

JIBU: Usimpe. Kwenye kupoza tu hakuna ile valvu, bodi yake haina hiyo programu, na mabomba ya ndani yamepangwa kwa njia moja, akishakata na kuchomelea utapoteza hata kule kupoza. Halafu ndugu yangu, Moshi mjini? Watu wa Ilboru wakisoma hii watakucheka. Pita pale Memorial siku ya mtumba uchague sweta.